Coca-Cola au Whisky? Chagua njia ya Kilimanjaro kwa kuhesabu usiku

Sisi wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, tumezoea kuiita Marangu njia ya Coca-Cola na Machame njia ya Whisky. Ya kwanza laini, ya pili kali. Utani huo niliurudia miaka mingi, hadi nilipompandisha binamu yangu Marangu kwa siku tano. Ni mcheza mpira, pumzi anazo. Usiku wa kilele, kwenye Pango la Hans Meyer, aliketi juu ya jiwe akaanza kufunga kamba za kiatu zilizokwisha kufungwa. Akazifungua, akafunga tena. Nikamuuliza jina la mkewe, akanitazama tu. Tukageuza palepale.

Ulikuwa ugonjwa wa mwinuko, hewa nyembamba ya juu ilimvuruga akili. Miguu yake haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye vitanda. Kambi ya kwanza, Mandara, iko kama mita 2,720, ya pili, Horombo, 3,720, ya tatu, Kibo, 4,720: kila siku unaruka mita elfu nzima, na usiku wa tatu hata hulali, saa tano unaamshwa upande. Ukishapita mita 3,000, mwili unataka sehemu ya kulala ipande mita 300 hadi 500 tu kwa usiku. Kwa hiyo, ndugu, ukienda kuuliza safari, usianze na "njia ipi rahisi?" Uliza utalala wapi, mita ngapi, usiku ngapi.

Ukiitaka Marangu, ongeza usiku wa pili Horombo. Siku hiyo unapanda hadi Miamba ya Pundamilia, unarudi kula na kulala palepale. Sifa yake nyingine ni vibanda. Njia nyingine zote ni hema, na anayejua kuvaa soksi mbichi alfajiri haoni hilo kuwa jambo dogo.

Machame ndiyo ile "kali", lakini siku ya tatu ina dawa. Asubuhi unatoka kambi ya Shira, unapanda hadi mnara wa mwamba uitwao Lava Tower, mita 4,600 hivi, unakula chakula cha mchana kichwa kikigonga, kisha unateremka kulala kambi ya Barranco, karibu mita 3,950. Hapo wengi hunilaani: tumepanda kwa nini kama tunashuka? Mwili umeonja hewa ya juu, ukalala chini. Kesho yake kuna ukuta wa Barranco, unaotisha ukiutazama ukiwa hemani. Utashika mawe kwa mikono, ndiyo, lakini utapitwa na mgumu mwenye kilo 20 kichwani. Chukua siku saba, ulale kambi ya Karanga. Safari ya siku sita inakutupa moja kwa moja kambi ya Barafu, mita 4,670, umechoka, na usiku huohuo unaitwa kileleni.

Hela zikiwa zangu, naenda njia ya Lemosho siku nane. Inaanzia magharibi, Londorossi, inakuja kuungana na Machame, ila mwili umepata usiku wa ziada kwenye tambarare ya Shira. Ada za hifadhi huhesabiwa kwa siku, ndiyo maana anayetaka kukuuzia kwa bei ya chini huanza kwa kukata siku. Raia wa Afrika Mashariki tunalipa kidogo sana kuliko wageni, basi usikubali siku yako ikatwe.

Njia ya Rongai iko upande wa kaskazini, penye mvua chache. Kama likizo yako imeangukia masika, nenda huko. Njia ya Umbwe iache, ni mwinuko mtupu.

Usiku wa kilele pia unatofautiana. Wa Marangu na Rongai wanapanda changarawe hadi Gilman's Point, mita 5,685 hivi. Wengi hukumbatiana pale wakidhani wamemaliza, kumbe Uhuru, mita 5,895, bado saa moja na nusu au mbili ukingoni mwa kreta. Wa Barafu hutokea Stella Point, wakabakiza kama saa moja.

Kushuka, wa Marangu na Rongai hurudi kupitia Horombo taratibu. Wa Machame na Lemosho huporomoka na njia ya Mweka siku hiyohiyo, magoti yakitetemeka na vidole vikigonga ncha ya kiatu kila hatua. Kata kucha za miguu fupi kabla hujaondoka nyumbani.