Stelingi ya Ngozi Iliyochubuka: Namna ya Kuirudisha Bila Kuifungua

Ukiona stelingi ya ngozi inameta, usidhani inapendeza. Ngozi hiyo ikitoka kiwandani kwa kawaida haimeti, imepoa tu, na ukiishika inakamata kiganja kidogo. Mng'ao ule ni jasho, losheni na vumbi, vimeshindiliwa na mikono kwa miaka. Stelingi nyingi ninazoletewa hapa Dar es Salaam eti "zimekwisha" ni chafu tu. Na zile zilizochubuka kweli huharibika mara ya pili mikononi mwa mtu aliyekimbilia chupa ya rangi. Rangi haishiki juu ya mafuta. Kwa hiyo usishangae nikikaa sana kwenye kusafisha.

Hakikisha kwanza kwamba ni ngozi. Tafuta mshono upande wa ndani wa duara. Ngozi huvikwa ikashonwa, wakati plastiki humiminwa kwenye kalibu, haina uzi. Kama ni plastiki na imeanza kunata au kubanduka magamba, au kama ni ngozi lakini imepasuka hadi sponji ya ndani inachungulia, usijisumbue: mpelekee mshonaji aivike ngozi mpya.

Sasa lisome duara kama uso wa saa: juu saa sita, chini saa kumi na mbili. Gari zetu zina usukani kulia. Mkono wa kushoto unahangaika na gia, redio na simu (ndiyo, nawaona), wa kulia ndio unaobaki umekamata, tena upande wa dirishani ambako jua linapiga. Ndiyo maana mara nyingi nakuta ngozi imeanza kuisha kati ya saa nane na saa tisa, kisha pale saa sita wanapoegemeza kiganja kwenye foleni. Jicho hilohilo litakufaa siku ya kununua gari: mita inasoma kilomita 50,000 lakini saa nane ngozi imeshakuwa kijivu? Uliza maswali.

Mahitaji: sabuni ya kusafishia ngozi (au sabuni ya maji isiyo kali, matone machache kwenye bakuli la maji), brashi laini, vitambaa vyeupe vya maikrofaiba, spiriti ya asilimia 70, msasa namba 600, 1000 na 1500, filla ya ngozi, rangi ya ngozi ya maji, lakka ya ngozi isiyong'aa (ndiyo tabaka la mwisho la kukinga rangi), vipande vya sponji, draya ya nywele na utepe wa karatasi wa mafundi rangi. Kwenye spiriti soma kibandiko: nyingine huchanganywa na mafuta ili zisikaushe ngozi ya binadamu, na hayo ndiyo mafuta tunayoyakimbia.

Rangi ya viatu iache nyumbani. Haigandi, na itahamia kwenye nguo zako.

Hatua ya 1: Kinga. Stelingi ibaki garini, usiifungue. Katikati yake kuna eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, na hicho si kitu cha kuchokonoa kwa bisibisi. Ziba kwa utepe kitovu chote cha honi, swichi na mikono ya plastiki inayounganisha kitovu na duara, funika kiti na dashibodi. Uzi wa mshono ukiwa wa rangi tofauti, mwekundu au kijivu, uzibe pia, sentimita kwa sentimita. Ni kazi ya kuudhi. Ifanye.

Hatua ya 2: Safisha. Chovya brashi kwenye povu, si kwenye maji. Sugua kwa mizunguko midogo, eneo la vidole vinne kwa wakati mmoja, na ufute mara moja kabla uchafu haujarudi kwenye vinyweleo vya ngozi. Kitambaa cha kwanza kitatoka na rangi ya chai ya rangi. Cha pili, chai ya maziwa. Endelea hadi kitoke cheupe. Kikitoka cheusi kwenye stelingi nyeusi, angalia: kinata na kina mafuta? Huo bado ni uchafu. Ni cheusi kikavu? Ni rangi yenyewe inatoka, punguza nguvu. Kamwe usimwagie maji, yakiingia kwenye swichi utapata hasara nyingine.

Iache ikauke saa moja. Halafu piga spiriti kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, pitisha mara moja au mbili tu. Sasa pitisha kidole: kinapaswa kukwama kidogo. Kikiteleza, rudi mwanzo wa hatua hii. Wengi wataishia hapa, wakiona ngozi imerudi bila mchubuko wowote. Wapake krimu ya ngozi kidogo na waende zao.

Hatua ya 3: Msasa. Palipochubuka, nyuzi za ngozi husimama kama malaika ya mkono. Zilaze kwa namba 600 bila kukandamiza, malizia na 1000. Lengo ni kulainisha kingo za mchubuko ziungane na ngozi nzima, siyo kula ngozi. Sehemu nzima zipitie kwa 1500 ili kuipa rangi pa kushika. Usiguse mshono, uzi ukikatika umejitengenezea kazi mpya. Futa vumbi, spiriti tena.

Hatua ya 4: Filla, kama kuna mashimo. Ile pati ya bodi ya gari ni ngumu, itapasuka siku ya kwanza ukikamata stelingi. Tumia ya ngozi, inayojipinda. Paka nyembamba kama siagi ya mtu bahili, kausha, paka tena. Tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene. Ikikauka kabisa, laza kwa 1000.

Hatua ya 5: Rangi. Nyeusi ya chupa mara nyingi ni nyeusi kupita ile ya kiwandani. Jaribu nyuma ya duara, saa kumi na mbili, kausha ndipo ulinganishe, maana rangi mbichi hudanganya. Tone la nyeupe au kahawia hurekebisha. Chukua sponji kavu, gusa rangi kidogo, gonga-gonga juu ya ngozi. Usiburute, utaacha michirizi. Koti la kwanza litaonekana baya, madoa matupu, na hapo ndipo watu hushikwa na hofu wakamwaga rangi nzito. Acha. Kausha kwa draya ukiwa umeishika mbali kidogo, subiri dakika 10 hadi 15, piga la pili. Makoti manne hadi sita yanatosha. Msimu wa masika hewa ina unyevu, ongeza muda wa kusubiri.

Hatua ya 6: Lakka. Makoti mawili au matatu, kwa sponji mpya, ya aina isiyong'aa. Ukipaka inayong'aa umerudisha ule mng'ao tuliouondoa.

Kisha iache saa 24 bila kuendesha, na siku tatu bila krimu wala maji. Hili nimelilipia. Miaka ya mwanzo nilimkabidhi mteja gari saa mbili tu baada ya koti la mwisho, kwa kuwa alikuwa amesimama mlangoni na mimi nikaona haya. Ilikuwa Ijumaa, na yeye amevaa kanzu nyeupe. Alirudi alasiri na alama za vidole vinne kwenye paja, zimekaa vizuri kama muhuri. Kanzu nililipa, na stelingi nikaianza upya kwenye hatua ya 2.

Baada ya hapo ni matunzo. Kila wiki mbili futa kwa kitambaa chenye unyevu. Sanitaiza ikaukie kwanza mkononi ndipo ushike stelingi, spiriti iliyomo hula lakka. Ukiegesha juani, kanga kuukuu iliyotupiwa juu ya stelingi inafaa kuliko kava la plastiki, ambalo hufungia jasho ndani na kuchubua palepale ulipopatengeneza.