Kwenda kuona ngome na majumba ya kale Wales, ukitokea Chuga (Arusha)

Wadau wanaoenda kusalimia ndugu Uingereza wananiuliza kama Wales inafaa kwa siku mbili tatu. Inafaa sana, ila jipange, mi nilienda kichwa kichwa nikajuta.

Kabla ya yote kumbuka Boma letu hapa Arusha, lile la Mjerumani ambalo watoto wa shule wanapelekwa kuona wanyama waliokaushwa. Hakulijenga lipendeze, alilijenga askari wake wakae ndani wawachunge wenyeji walioko nje. Ngome za kaskazini mwa Wales ni habari hiyohiyo, tofauti ni ukubwa tu. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alikuwa anapigana na Llywelyn, mtawala wa Wales, Llywelyn akauawa Desemba 1282, na mwaka uliofuata tu mfalme akaanza kujenga Conwy, Caernarfon na Harlech kwa mpigo. Kwa hiyo ukifika panda juu kabisa uangalie mnara unachungulia wapi, utaona ni baharini inakotoka meli ya chakula na upande wa pili ni milimani walikokuwa Wawelsh, hapo umeshaelewa nusu ya historia bila kusoma bango hata moja.

Ukiwa na siku moja tu nenda Conwy. Kutoka London unapanda treni stesheni ya Euston mpaka Llandudno Junction, kutoka hapo unavuka daraja kwa miguu na ngome yote inakuja mbele yako, minara minane, raha yake hiyo. Ukitaka kushukia Conwy kwenyewe lazima umwambie kondakta mapema maana treni haisimami bila kuombwa, na wakati wa kuondoka unaipungia mkono kama daladala ya Ngaramtoni, sikutegemea kukuta hayo Ulaya. Usiishie ndani ya ngome, tembea juu ya ukuta wa mji, zaidi ya kilomita moja, bure. Upande wa kusini angalia vyoo vya zamani 12 vimepangwa mstari mmoja, vimetokeza nje ya ukuta, mzigo unadondoka chini moja kwa moja, nilisimama pale nacheka peke yangu.

Harlech iko juu ya mwamba na stesheni iko chini yake, hapo utapanda mpaka magoti yaongee. Owain Glyndŵr, shujaa wao, aliiteka 1404 akaikalia mpaka 1409, kwa hiyo Wawelsh wenyewe ngome hii wanaipenda. Caernarfon haina treni ya kawaida, panda basi kutoka Bangor. Beaumaris ilianza 1295 na haijaisha mpaka leo, hela zilikata, ukiiona ilivyo fupi utakumbuka zile nyumba zetu za nondo juu zinazosubiri ghorofa ya pili.

Sasa mavazi. Mvua ya kule haina masika, inanyesha ikijisikia, na juu ya mnara upepo unakunja mwavuli kwa hiyo mwavuli acha. Tafuta koti la mvua la mtumba pale soko la Memorial Moshi au azima kwa rafiki anayepandisha wageni Kilimanjaro. Viatu viwe na meno, ngazi za minara ni za mawe, zinazunguka, nyembamba na zimelika katikati, ukikutana na mtu anashuka mmoja lazima arudi. Ila milima isikutishe, mrefu kuliko yote Wales, Yr Wyddfa, una mita 1,085, yaani kilele chao kiko chini kuliko mji wa Arusha, nikiwaambia wanakasirika kidogo.

Tiketi ndo watu wanapopigwa. Ngome nyingi ziko chini ya Cadw, ambayo ni ya serikali ya Wales, majumba mengi ya matajiri yako chini ya National Trust, shirika la hisani la kutunza majumba ya kale, na kadi ya uanachama ya Cadw haifanyi kazi National Trust, wala ya National Trust haifanyi kazi Cadw. Af saa zao za kufungua na kufunga angalia siku hiyohiyo kwenye simu. Mi nilifika jumba moja mwezi wa 11 saa tisa na nusu mchana, nyumba imefungwa, bustani tu, nikazunguka miti nusu saa nikarudi zangu.

Kwenye majumba, swali ni hela ilitoka wapi. Penrhyn, karibu na Bangor, lina sura ya ngome lakini ni la karne ya 19, familia ilitajirika kwa sukari ya Jamaika iliyolimwa na watumwa, halafu kwa machimbo ya mawe ya kuezekea, ndani kuna kitanda cha jiwe hilo chenye uzito wa tani moja hivi. Wachimbaji waligoma 1900 mpaka 1903, na waliogoma wakabandika karatasi madirishani kwamba humu ndani hakuna msaliti. Erddig karibu na Wrexham ni tofauti, kule wenye nyumba waliwachora watumishi wao wakawatungia na mashairi, anza jikoni kabla ya sebuleni.

Ndani usiguse kitu, begi la mgongoni livae kifuani, na wazee wanaokaa vyumbani wengi wanajitolea, waulize, wanapenda kuongea. Mgahawa mara nyingi uko kwenye mazizi ya zamani ya farasi. Chai yao haina tangawizi, beba ya kwako.