Kupanga ndege zinazokuja kutua: maili inayoyeyuka njiani

Chukua jioni ya kawaida Dar es Salaam. Boeing 787 inatoka mbali, Dash 8 inatoka bara, na Caravan ndogo inavuka kutoka Zanzibar. Zote zinataka njia moja ya kutua. Ukikaa mbele ya rada kama mwongoza ndege, anza hivi.

Hatua ya 1: Jua uzito wa kila moja. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, huangalia uzito wa juu kabisa ambao ndege imeruhusiwa kuruka nao. Kuanzia kilo 136,000 ni nzito, kilo 7,000 kushuka ni nyepesi, zilizo katikati ni za wastani. Kwa hiyo 787 ni nzito, Dash 8 ni ya wastani, Caravan ni nyepesi. Airbus A380, lile jitu la abiria, ina kundi lake peke yake. Sababu ni upepo unaojiviringisha kwenye ncha za mabawa na kubaki nyuma ya ndege, ukishuka taratibu. Caravan ikiuingia inaweza kubinuka, hata rubani awe hodari vipi. Basi nyuma ya ndege nzito, nzito mwenzake hukaa maili 4, ya wastani 5, nyepesi 6. Nyepesi ikifuata ya wastani, 5. Ni maili za baharini hizi, mita 1,852 kila moja. Pasipo suala la uzito, kipimo cha rada ni maili 5, au 3 pale mamlaka iliporuhusu.

Wanafunzi huogopa siku ya upepo mkali. Mimi huogopa siku tulivu, yenye kaupepo ka ubavuni, maana upepo mkali huivunja ile mizunguko ya nyuma ya ndege, lakini huo mdogo unaweza kuushikilia mmoja palepale juu ya njia ya kutua.

Hatua ya 2: Amua nani atangulie. Aliyefika kwanza si lazima atue kwanza. Tuseme Caravan inakuja kwa noti 120 (noti ni maili ya baharini kwa saa): maili 8 za mwisho itazimaliza kwa dakika 4. Dash 8 iliyo nyuma yake kwa noti 160 itakula karibu maili 11 kwa muda huohuo, na pengo lako litakuwa limepungua kwa maili karibu 3. Geuza foleni: 787, Dash 8, kisha Caravan. Sasa wa polepole yuko nyuma, na pengo linajipanua lenyewe.

Hatua ya 3: Usiachie mapema zile futi 1,000 zinazotenganisha ndege moja na nyingine kwa urefu. Mpaka umbali wa mbele na nyuma utoshe, na uwe na hakika utaendelea kutosha, kila ndege ibaki na ngazi yake ya urefu.

Hatua ya 4: Pima pengo litakavyokuwa, si lilivyo. Hapa ndipo wengi huanguka. Umeziweka mbili maili 5, zote noti 160, skrini inapendeza. Ya mbele ikifika maili 4 kutoka mwanzo wa njia ya kutua, rubani anapunguza hadi tuseme 130, na toka hapo hupaswi kumpangia mwendo tena. Anatumia sekunde 111 hivi kufika chini. Wa nyuma, bado kwenye 160, anakimbia maili 4.9. Magurudumu ya kwanza yanapogusa lami, pengo limebaki maili 4 na kidogo. Kama wa mbele ni 787 na wa nyuma ni Dash 8, umeshavunja kipimo. Ndiyo maana mimi huongeza maili moja tangu mwanzo, au humpunguza wa nyuma akiwa bado mbali. (Nairobi, futi 5,330 juu ya bahari, ongeza umakini: hewa ni nyepesi, dashibodi ikisoma noti 160, mwendo halisi juu ya ardhi huwa zaidi ya 160.)

Hatua ya 5: Pengo likikataa, mtoe mapema. Kumgeuza mtu akiwa maili 8, futi kama 2,500 juu ya uwanja, ni kazi ndogo. Kumwambia apae tena akiwa amebakiza maili moja ni kazi nyingine kabisa. Atanung'unika redioni. Mwache anung'unike, mpe uelekeo.