Kuotesha maua ya kudumu kwa mbegu Mwanza: vinka, jabera na kana

Vinka, jabera na kana hukaa bustanini mwaka hadi mwaka kwa hali ya hewa ya huku kwetu kando ya ziwa, na yote matatu huota kwa mbegu. Tatizo ni kwamba kila moja lina masharti yake. Ukizisia zote kwa namna moja utapata vinka peke yake au usipate kitu, kisha lawama ziende kwa muuza mbegu.

Hatua ya 1: Wakati

Sia vinka na jabera katikati ya Agosti ili miche iwe imekomaa mvua za vuli zinapokolea Novemba. Kana hukua haraka, isubiri hadi Septemba. Nafasi nyingine ni Januari, kwa ajili ya masika. Mbegu za jabera nunua za msimu huuhuu, kwa sababu nguvu yake ya kuota hupotea ndani ya miezi michache, hasa pakiti ikikaa kwenye joto.

Hatua ya 2: Udongo

Changanya ndoo 2 za udongo mweusi, ndoo 1 ya samadi iliyooza hadi ikaacha kunuka, na ndoo 1 ya mchanga. Kwenye miinuko ya mawe kama Isamilo au Mabatini udongo tayari una changarawe, hivyo nusu ndoo ya mchanga inatosha. Udongo wa mfinyanzi wa mbugani uongezee mchanga, pamoja na nusu ndoo ya maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi bila kuwa majivu.

Udongo wa kusia lazima upikwe kwa mvuke. Weka maji kidogo ndani ya sufuria kuukuu, panga vijiti juu yake, kisha weka udongo wenye unyevu ndani ya kipande cha gunia na ufunike. Chomeka kiazi mviringo kidogo katikati ya udongo. Njiti ya kiberiti ikipenya kwenye kiazi bila kukwama, epua. Usiendelee kupika, kwani joto likizidi samadi hutoa vitu vinavyounguza mizizi michanga.

Hatua ya 3: Kusia

*Vinka* inataka giza. Ifukie nusu sentimita, mwagia, kisha funika trei kwa magazeti na ubao. Kuanzia siku ya 5 fungua kila asubuhi uangalie. Ukiona shingo za kwanza zimeinuka, ondoa kifuniko siku hiyohiyo. Ukichelewa, miche hurefuka, ikawa myeupe na kulala.

*Jabera* inataka mwanga. Mbegu yake ni nyembamba na ina kishungi cha nywele upande mmoja. Chomeka ncha kali chini, kishungi kibaki juu ya udongo, wala usiifukie. Iweke mahali peupe pasipopigwa jua la moja kwa moja. Huota kati ya siku 7 na 14.

*Kana* ina ganda gumu kama risasi, maji hayapenyi. Isugue upande mmoja kwenye jiwe gumu (Mwanza mawe si ya kutafuta) hadi uone doa jeupe la ukubwa wa kichwa cha pini. Usisugue penye kovu dogo, ndipo chipukizi hutokea. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu saa 24. Isiyovimba isugue tena. Panda kina cha sentimita 1.5.

Hatua ya 4: Maji

Hapa ndipo miche mingi hufia, na chanzo chake ni kinyausi. Shina hulainika usawa wa udongo, linakuwa jembamba kama uzi, mche unaanguka huku majani yake bado ni ya kijani. Ugonjwa husambaa kwa duara. Ondoa miche iliyoanguka pamoja na udongo unaoizunguka, acha kumwagilia hadi uso wa trei ukauke, ruhusu hewa ipite.

Kinga ni kumwagilia kwa chini: weka trei yenye matundu kwenye beseni la maji ya kina cha sentimita 3, itoe mara uso unapoanza kuloa. Fanya hivyo asubuhi. Upepo wa mchana kutoka ziwani hukausha kingo za trei kabla ya katikati, kwa hiyo pima unyevu kwa kidole pande zote mbili.

Hatua ya 5: Kuhamisha

Majani halisi (yanayofuata yale ya kwanza ya mbegu) mawili hadi manne yakitoka, hamishia kwenye viriba. Shika jani, kamwe usishike shina. Jani likichanika litaota jingine. Punguza kivuli kidogokidogo kwa siku 7 hadi 10 kabla ya kupanda bustanini.

Nafasi ni sentimita 30 kwa vinka na jabera, 60 kwa kana. Jabera ipande kitovu, pale majani yanapotokea, kikiwa juu kidogo ya udongo. Kikifukiwa huoza mvua ya kwanza tu. Vinka haipendi maji yanayotuama, iwekee tuta. Utomvu wake pia ni sumu, usiipande mbuzi wanapolishwa. Ukikuta asubuhi mche umekatwa shinani, chimbua hapohapo: sota, kiwavi anayekata miche, amejikunja sentimita chache chini, muue kabla hajahamia mche wa pili.