Somo: Kupamba sebule kwa bakuli la kawaida la kioo

Wapendwa, habari za jioni. Mmeomba somo la mapambo yasiyomaliza hela ya mboga, basi leo tuzungumze bakuli la kioo. Sisemi zile vesi ndefu za bei mbaya. Nasema bakuli la kawaida, la saladi au la matunda, ambalo hapa Kigoma unalipata kwa wauza vyombo soko la Mwanga au kwa wale wanaopitisha vyombo majumbani. Kama unalo kabatini linasubiri wageni wa Idi, usinunue jingine.

Kabla ya yote, elewa kwamba kioo hakifichi kitu. Kikapu kikiwa na vumbi ndani nani atajua? Kwenye kioo kila mgeni anaona. Kwa hiyo kazi kubwa ni usafi, na inayofuata ni kujizuia. Mabakuli mengi ninayoyaona yameharibiwa na mkono usiojua kuacha: mawe, maua ya plastiki, shanga na kadi ya harusi ya mwaka juzi, vyote humo humo. Acha sehemu tupu. Mimi huacha karibu theluthi ya juu, na hapo ndipo bakuli linapopendeza.

HATUA YA 1: KUCHAGUA

Lishike kwenye mwanga wa jua, si wa taa ya dukani. Pitisha kucha ukingoni taratibu. Ikikwama, pamechubuka, rudisha. Ligonge kidogo kwa kidole: zima hulia kwa sauti inayodumu, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Chagua lenye mdomo mpana, kitako bapa, lisilo na maua wala michoro. Muuzaji atakusifia yenye michoro ya dhahabu. Mwache aseme.

HATUA YA 2: KUOSHA

Hapa tukae kidogo. Maji ya bomba ya Kigoma mjini yanatoka Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa letu yana madini mengi, tena ni ya alikali, pH yake inakaribia 9. Yakikaukia kwenye kioo yanaacha ule ukungu mweupe kama chaki. Sabuni haiutoi, hata usugue mpaka kesho.

Unaotoa ni uchachu. Chukua siki au kamua ndimu, paka ndani na nje, acha robo saa, kisha sugua kwa kitambaa. Pembeni chini, pale ukungu unapong'ang'ania, tia chumvi ya mawe (wenzetu wa Uvinza wapo, hatuna shida ya chumvi) pamoja na siki, zungusha kwa vidole. Chumvi ni laini kuliko kioo, haikwaruzi. Mchanga unakwaruza, kwa hiyo ule mtindo wa kusugulia masufuria ufukweni usiulete huku. Suuza, kisha kausha hapo hapo kwa kipande cha khanga kuukuu. Taulo huacha manyoya.

Usimimine maji ya moto kwenye bakuli la kawaida lililo baridi. Upande wa ndani hutanuka kabla ya nje kupata habari, na kioo hupasuka mkononi mwako.

HATUA YA 3: KUJAZA

Nitatoa njia tatu. Chagua moja, usizichanganye.

Mawe na tawi. Okota mawe laini ya ufukweni, ya ukubwa unaokaribiana. Yaoshe, yachemshe, yaanike. Panga tabaka la vidole viwili tu, mimina maji mpaka nusu, kisha simamisha tawi moja la mani planti. Kata chini kidogo ya kifundo, maana mizizi hutokea kwenye kifundo, na ondoa majani yote yatakayozama. Jani likizama linaoza, na ukishasikia harufu ya kinamasi sebuleni hutauliza imetoka wapi.

Magamba ya konokono wa ziwani yanapendeza sana katikati ya mawe, lakini okota yale makavu tu yaliyotupwa nje na mawimbi. Yaliyo majini yaache. Kuna samaki wadogo wa Tanganyika wanaoishi na kuzalia ndani ya magamba matupu, ukiyabeba umewabomolea nyumba. Na ukienda kutembea Gombe, usiokote chochote: ni hifadhi ya taifa, vitu vya mle vinabaki mle.

Buni na mise (mbegu za mchikichi). Hii ni ya wasiotaka habari za maji. Kahawa ya Kalinzi iliyokaangwa, nusu bakuli, na juu yake kokwa chache za mise zilizooshwa mafuta na kukauka kabisa. Rangi mbili tu, kahawia na nyeusi. Nyumba iliyokaangwa dagaa mchana itakushukuru jioni, japo tusidanganyane: buni inafunika harufu, haiiondoi. Fungua dirisha kwanza.

Maji na mishumaa inayoelea. Hii ndiyo mnayoiulizia kila siku. Mishumaa ya kuelea si lazima uagize Dar, tengeneza. Nunua mishumaa ya kawaida, ile ya umeme ukikatika. Ivunje, toa utambi uuweke pembeni, nta iweke kwenye kopo safi, na kopo likae ndani ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu. Usiweke kopo moja kwa moja jikoni: nta ikizidi joto hushika moto, na ikishika usimwagie maji, funika kwa mfuniko na uzime jiko.

Paka mafuta kidogo kwenye vibati vya keki ndogo, mimina nta kimo cha vidole viwili. Subiri mpaka juu ianze kutanda utando mweupe, ndipo uchomeke utambi katikati; ukiwahi utalala. Upana wa mshumaa uzidi kimo chake, la sivyo utapinduka. Kuelea kwenyewe usihofu, nta ni nyepesi kuliko maji.

Mimina maji mpaka ibaki nafasi ya vidole vitatu chini ya ukingo. Nafasi hiyo inazuia upepo na inauweka moto mbali na mdomo wa bakuli. Bakuli la kawaida linabeba mishumaa miwili, pana sana mitatu. Ikibanana, mmoja utasukumwa ukutani, na moto ukilamba kioo sehemu moja, ufa huo. Ukipenda tupia maua machache ya bogenvilia. Kwa waridi, chukua petali tu.

HATUA YA 4: PA KUWEKA

Meza ya kati au juu ya kabati, chini yake kitambaa cha kufuma, hasa kama meza nayo ni ya kioo. Epuka dirisha. Nyumba zetu nyingi zinatazama ziwa, yaani magharibi, na jua la saa kumi na moja linaingia limelala mpaka kwenye makochi. Bakuli lenye maji hukusanya miale ya jua sehemu moja na linaweza kuunguza pazia. Tena mwanga mwingi huotesha ukoko wa kijani ndani.

MASWALI

Mama kutoka Gungu: Shikamoo dada. Hayo maji ya mani planti hayatazalisha mbu? Nina mtoto mchanga.

Marahaba mdogo wangu. Yatazalisha ukiyasahau. Yai la mbu mpaka mbu anayeruka huchukua wiki moja hadi mbili, inategemea joto. Ukimwaga maji kila siku ya tatu na kuosha mawe, hawafiki. Yamwage nje kwenye mchanga mkavu, si kwenye ndoo. Na kama unajijua ni msahaulifu, chukua buni, achana na maji.

Kaka kutoka Ujiji: Sista, nataka kuweka samaki wale wa rangi wa ziwani. Si tunao hapa hapa bure?

Kaka yangu, hapana. Bakuli ni dogo, maji yanachafuka kwa mikojo na kinyesi chao kwa haraka na hewa haitoshi. Samaki wa Tanganyika wamezoea maji mengi yasiyobadilika badilika, tena wengi wao ni wakali, wanagombea eneo. Utampamba marehemu. Ukitaka samaki, tafuta tangi lenye pampu ya hewa, hilo ni somo jingine.

Mama kutoka Kasulu: Huku kwetu maharage ndiyo tuliyo nayo, ya njano, mekundu na meupe. Naweza kuyapanga kwa matabaka?

Tena yanapendeza kuliko mawe! Hatari yake ni wadudu. Yaanike juani mpaka yakauke barabara, chambua yaliyobunguliwa, na kila unapofuta vumbi angalia kama kuna unga chini ya bakuli. Ukiuona, mwaga yote siku hiyo hiyo, usije ukahamishia wadudu kwenye gunia la kula. Na yakishakaa sebuleni miezi, yatakuwa magumu kuiva, hivyo yahesabu kuwa ya mapambo tu. Weka kidogo.

Dada kutoka Buhanda: Nina sendoff ya mdogo wangu, meza kama ishirini. Mishumaa ya kuelea itafaa ukumbini?

Itafaa kama feni zitazimwa, au muelewane na mwenye ukumbi zile za juu ya meza zisiwashwe. Tengeneza mishumaa mapema, lakini maji mimina mkishapanga meza. Bakuli lenye maji halibebwi katikati ya watu wenye magauni. Washeni dakika chache kabla ya bibi harusi kuingia, kwa kiberiti kirefu au kwa mshumaa mwembamba. Meza za watoto wekeni maua bila moto.

Mama kutoka Mwanga: Mume wangu anasema mawe ndani ya nyumba ni uchafu. Nimjibu nini?

Usimjibu, dada. Weka buni. Harufu ya kahawa itakujibia.

Mwalimu kutoka Kibondo: Nikinunua Kigoma, bakuli litafikaje salama? Barabara tunaijua.

Mwalimu, usiliweke buti, na usikubali konda akuambie "litakaa tu". Jaza ndani ya bakuli nguo laini, lizungushie khanga mbili, liingize kwenye ndoo ya plastiki lisiguse kuta, jaza nafasi iliyobaki kwa magazeti, kisha ndoo ikae miguuni kwako. Kama ni mawili, usiyapachike moja ndani ya jingine bila kitambaa katikati. Yakibanana kwa mtikisiko hayatoki. Yakishakwama, mimina maji baridi kwenye la ndani na kalisha la nje kwenye maji ya uvuguvugu, yataachiana. Usitumie nguvu.