Mama akikaribia kujifungua kijijini, haya yawe yameshapangwa

Cha kwanza wala sio begi la nguo, ni nani atasema "twende". Watu wanapaki vizuri kabisa alafu uchungu unaanza saa nane usiku, mume kasafiri, mama mkwe anasema tusubiri kukuche, hakuna mwenye sauti ya mwisho na masaa yanakwenda hivyo hivyo. Kaeni mapema, mimba ikiwa na miezi saba hivi, mkubaliane mume asipokuwepo fulani ndo anaamua, na haombi ruhusa kwa mtu.

Usafiri nao msiuache kwa "tutapata tu". Ongeeni na dereva wa pikipiki au gari, na mwingine wa akiba, muulizeni kabisa kama usiku anatoka na mvua ikinyesha anapita wapi, namba ziandikwe kwenye karatasi ukutani manake simu huwa zinazima chaji muda huo huo. Kama kuna kikundi cha kuweka akiba, hela ya dharura ya wajawazito ikae kando, na mwenye ufunguo wa sanduku asiwe mtu wa safari safari (natania ila sitanii).

Damu ndo watu wanasahau. Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya masaa mawili tu, kwahiyo grupu lake lijulikane kabla na ndugu wawili watatu wawe wameshakubali kuchangia.

Dalili za hatari zijulikane na nyumba nzima: kutokwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, homa kali, mtoto kuacha kucheza tumboni, chupa kupasuka na uchungu hauji. Moja tu inatosha, msikae kusubiri ya pili.

Kliniki aanze kabla ya wiki 12, tangu 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mahudhurio 8, na kadi ikae sehemu moja.

Mkunga wa jadi msimtenge, akina mama wanamwamini kuliko sisi wahamasishaji wa afya wenye mabango, mpeni kazi ya kumsindikiza mama hadi kituoni badala ya kumzalisha nyumbani.

Na watoto wanaobaki je? Kuna mama anagoma kuondoka kwa hilo tu, uchungu umeshakolea bado anauliza nani atawapikia, so jirani aambiwe mapema, hata funguo apewe kabisa.