Masta ya uhandisi ujenzi kwa masomo ya darasani: ushauri wangu kwa mainjinia wa Tanga

Tangu kazi za bandari, bomba la mafuta la Chongoleani na barabara ya Pangani ziujaze mji wetu mainjinia vijana, swali la "Dada Injinia, nikasome masta chuo gani?" halinipiti wiki. Mimi huwajibu kwa swali: unataka kufanya kazi gani ambayo leo huiwezi? Ukishindwa kunijibu kwa sentensi moja, baki saiti kwanza, mdogo wangu. Ada haina mchezo.

Masta zipo za namna mbili. Ya utafiti inakupa msimamizi na jambo moja, unalichimba mpaka unatoka na tasnifu nzito. Ya masomo ya darasani, ndiyo ninayoizungumzia, unasoma kozi kwa mihula, unafanya mitihani na kazi za vikundi, halafu unafunga na tasnifu fupi au mradi. Kwa mfumo unaosimamiwa na TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, masta haipungui krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kusoma, za kujisomea zikiwemo. Piga hesabu: saa 1,800. Waingereza nao hutumia 180. Ukiona chuo cha Marekani kimeandika krediti 30 usifurahi ukadhani ni mteremko, wenzetu wanapima kwa kipimo kingine.

Hii ya darasani inamfaa mtu wa saiti na wa ofisi ya usanifu. Mwenye ndoto ya kufundisha chuo kikuu na kusoma hadi PhD aende ya utafiti, au achague programu yenye tasnifu ya maana. Na tuelewane mapema: masta haikupi muhuri. Usajili wa mhandisi mtaalamu unatoka ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, na njia yake ni kazi za vitendo chini ya wahandisi waliosajiliwa. Kama uko ndani ya SEAP, ule mpango wa miaka 3 wa mafunzo kazini kwa mainjinia wahitimu, umalize kwanza. Nimeona watu wana vyeti viwili ukutani na bado michoro yao inasainiwa na mwingine.

Sasa kozi. Fungua mtaala wa kila programu, soma majina ya kozi moja moja, weka alama kwenye zile ambazo kesho asubuhi ungezitumia kazini. Zikiwa chache, achana na programu hiyo hata kama chuo kina jina kubwa.

Ukipenda udongo na miamba, sisi tunaishi juu ya maabara. Mapango ya Amboni ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji, na anayeweka msingi juu ya mwamba wa aina hiyo anaogopa tundu asiloliona. Tafuta programu yenye uchunguzi wa ardhi na ufundi wa miamba, si misingi ya majengo tu. Wa maji aangalie hidrolojia na usanifu wa mabwawa. Bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi ndilo linalotunywesha, na mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, waliuza hatifungani ya kijani (mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa miradi ya mazingira) ya shilingi bilioni 53.12 kupanua huduma, kwa hiyo kazi ipo. Wa barabara atafute usanifu wa tabaka za lami na usimamizi wa matengenezo.

Usimamizi wa ujenzi watu wanauona wa wasiojua hesabu. Mimi nauheshimu. Kwenye mikataba ya FIDIC ya 1999, ile ya mfano inayotumika kimataifa kwenye ujenzi, mkandarasi ana siku 28 za kutoa notisi ya dai tangu alipojua tatizo, au alipopaswa kulijua. Siku zikipita, haki yake imekwenda na maji. Injinia anayelijua hilo ana thamani kuliko anayejua kupanga nondo peke yake.

Tawi la miundo, yaani uimara wa majengo na madaraja, ndilo lenye foleni ndefu, na ndilo linalowakimbiza wengi muhula wa kwanza kwa sababu ya hesabu. Kabla ya kufungua chuo rudia matriksi na milinganyo tofautishi. Chukua kenchi ndogo ya vyuma vitatu, andika matriksi ya ugumu wake kwa mkono, tafuta itasogea kiasi gani ikibebeshwa mzigo, kisha linganisha na kompyuta. Ukiweza hilo, somo la elementi kikomo, la kugawa muundo vipande vidogo ili kompyuta iupigie hesabu, halitakutisha. Jingine: wengi tulifundishwa usanifu wa zege kwa BS 8110, kiwango cha Uingereza, nayo ilishaondolewa Uingereza mwaka 2010. Anza kusoma Eurocode 2, kiwango cha Ulaya cha zege, sasa. Wa maji apakue HEC-RAS, programu ya kompyuta ya hesabu za mtiririko wa mito ya jeshi la wahandisi la Marekani, haina gharama.

Vyuo. Ndani ya nchi tazama Mlimani, DIT, MUST ya Mbeya, Ardhi, na Nelson Mandela ya Arusha kwa mambo ya maji. Uliza vipindi ni vya saa ngapi. Vya jioni vimepangwa kwa ajili ya watu wa Dar. Wewe ukitoka stendi ya Kange una zaidi ya kilomita 300 kwa njia ya Segera na Chalinze, na saiti asubuhi inakusubiri. Kwa GPA, daraja la pili la chini linaanzia 2.7 katika 5, na chini ya hapo milango inakuwa migumu.

Wa nje ya nchi asome masharti ya ufadhili kabla ya kuota baridi. Chevening ya Uingereza inadai saa 2,800 za kazi, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa miaka 2. Programu za EPOS za DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, zinataka angalau miaka 2 ya kazi, na kwa kawaida digrii yako ya mwisho isiwe imezidi miaka 6 tangu uipate. Hilo la miaka 6 huwakata wengi waliokuwa wakisema "mwakani, mwakani".

Mada ya tasnifu usiingoje darasani, ondoka nayo Tanga. Mfano ninaoupenda ni nyuzi za mkonge kwenye zege. Ukizikata ndefu na kuzimwaga zote kwa mkupuo kwenye mashine, zinajisokota vifundo kama nywele kwenye chanuo, zege linakauka mikononi, na fundi anakutazama kwa huruma. Ukizikata fupi na kuzinyunyizia kidogo kidogo, zinatawanyika. Lakini swali lenye masta ndani yake ni la baada ya hapo: alkali ya saruji inazila zile nyuzi taratibu, sasa utazilinda vipi, na nguvu itabaki kiasi gani?

Au chukua chumvi. Zege la majengo ya ufukweni linapasuka kwa sababu chumvi inatia nondo kutu, na kutu hiyo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Vunja kipande, na pale palipovunjika sasa hivi nyunyizia myeyusho wa nitrati ya fedha: palipofikiwa na kloridi ya ile chumvi panageuka peupe, kwingine kunakuwa kahawia. Unachukua rula, unapima kina, unalinganisha na unene wa zege linalofunika nondo. Mada kama hiyo inamalizika ndani ya muda, na vifaa vyake havihitaji mfadhili.

Data za kampuni ziombe kwa barua, ujibiwe kwa barua, kabla hujaondoka. Wengine wamefika muhula wa mwisho meneja aliyewaahidi kwa mdomo keshahama mkoa. Wadhamini wawe wawili tofauti: mwalimu anayekumbuka kazi yako, na bosi aliyekuona saiti. Wapelekee CV yako na mtaala wa programu unayoomba, uwape wiki tatu, na siku kumi kabla ya mwisho wa maombi mpigie simu aliyekaa kimya. Ruhusa ya kazini ombea kwa afisa utumishi, usiishie kwa msimamizi wa saiti, na barua ieleze kama unakwenda na mshahara, nusu mshahara au bila mshahara.